Chungu, plastiki, kikapu au gogo: okidi yako ikae wapi?

Okidi nyingi za majumbani kwetu huingia kwa njia mbili. Kuna ya zawadi, Phalaenopsis ya dukani iliyofungwa utepe, maua yamejipanga kwenye kikonyo kimoja kirefu. Na kuna kipande cha Dendrobium kilichomegwa kwa shangazi, kikaletwa kimeviringishwa kwenye gazeti. Wiki za kwanza hakuna neno. Baadaye maua ya zawadi yanadondoka, kile kipande cha shangazi kinaanza kukunjamana, na mwenye nacho anajikuta kwa muuza maua akiulizwa anataka chungu cha udongo, cha plastiki, kikapu cha kuning'iniza, au anaifunga tu kwenye mti. Muuzaji naye atasifia kile alichonacho.

Ukiweka urembo kando, vyombo hivi vinne vinatofautiana kwa jambo moja kubwa: mizizi inakauka kwa kasi gani baada ya kunyweshwa. Okidi tunazozizungumzia hapa kwao ni juu ya miti. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe nene inayofyonza mvua kwa dakika chache, kisha inataka hewa. Ikilala kwenye unyevu siku baada ya siku, inaoza; ikikaa kavu muda mrefu, inanyauka. Ndiyo maana udongo wa bustani haumo kabisa kwenye ulinganisho huu, hata ule mweusi wa mboji unaostawisha kila kitu kingine.

Hazimo pia okidi za ardhini, kama zile za nyanda za Kitulo kule Nyanda za Juu Kusini, ambazo viazi vyake vilichimbwa mno kwa ajili ya chikanda inayoliwa Zambia. Hizo zina maisha yake, na kwao ndiko zinakopaswa kubaki. Vanila nayo ni okidi, lakini ni ya kutambaa shambani. Mkulima wa Kagera au wa Uganda hahitaji ushauri wangu wa vyungu.

Pima haya kwanza

*Hewa ya ulipo.* Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja kuna joto na unyevu hewani, kwa hiyo hata mzizi ulio wazi unavumilia. Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya mchana ni mzuri, ila usiku wa Juni hadi Agosti una baridi, na chombo kilicholowa jioni kinaamka kimelowa. Dodoma na Singida hewa ni kavu miezi mingi ya mwaka na upepo haukosi.

Joto lina jambo jingine ambalo watu hulisingizia chungu. Phalaenopsis huanza kusukuma kikonyo cha maua baada ya kupata wiki kadhaa za ubaridi kiasi, chini ya nyuzijoto 25 hivi. Wa Nairobi anaupata ubaridi huo bila kuutafuta. Wa Dar anausubiri kipupwe. Kama yako ina majani mazuri, mizizi mizuri, na haijatoa ua tangu Desemba, acha kubadilisha vyungu, subiri Julai.

*Mkono wako.* Wapo watu wa kumwagilia, hawawezi kupita na jagi mkononi bila kuliinamisha. Wapo wa kusahau, au wa safari za kikazi. Wa kwanza anahitaji chombo kinachokauka upesi, wa pili kinachotunza maji. Wakibadilishana vyombo, okidi zote mbili zinakufa, na kila mmoja ataapa kwamba aliitunza.

*Okidi yenyewe.* Phalaenopsis haina shina la kuhifadhi maji. Akiba yake ni majani yale mazito tu. Dendrobium, Cattleya na Ansellia zina mashina yaliyonenepa, yanayobeba maji ya siku kadhaa. Vanda inaning'iniza mizizi minene mirefu na haipendi kufunikwa. Cymbidium inapenda chombo chenye kina na usiku wa baridi; ukiwa Dar, iache huko huko dukani hata kama inakuita kwa jina.

*Vifaa, na siku ya kuhamisha.* Uliza kinachopatikana karibu nawe, na uulize pia itakuwaje miaka miwili ijayo mmea utakapohitaji kutolewa. Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi.

1. Chungu cha udongo

*Kasi ya kukauka.* Chungu kilichochomwa bila kupakwa rangi hupitisha maji kwenye kuta zake, na maji yanapotoka yanaondoka na joto. Ni kazi ile ile inayofanywa na mtungi wa maji ya kunywa. Kwa hiyo mizizi iliyo ndani inakauka upesi na inakuwa baridi kuliko hewa ya nje. Mchana wa Februari Dar, hiyo ni neema. Usiku wa Julai Limuru, mizizi iliyokwisha kupoa inapozwa tena, na inasimama kukua. Ukikipaka rangi ya mafuta ili kipendeze sebuleni, umekiondolea kazi hiyo yote na umebaki na plastiki nzito.

*Kumwagilia.* Pwani, chungu chenye mkaa hutaka maji kila baada ya siku moja, na kaskazi ikikolea hata kila siku. Bara wakati wa baridi, mara moja kwa wiki inaweza kutosha. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, chungu kitakuambia kwa utando mweupe unaojitokeza kwenye kuta na mdomoni. Chumvi hiyo hiyo imekaa kwenye mizizi. Suuza kwa maji mengi ya mvua yapite mpaka chini, na ukiweza kinga maji ya mvua ya masika uyaweke kwa ajili ya okidi peke yake.

*Okidi zinazokubali.* Dendrobium na Cattleya hukaa vizuri sana humu, na Dendrobium hupenda chungu kinachobana kuliko kipana. Uzito wa chungu nao unasaidia: Dendrobium yenye mashina marefu kwenye plastiki nyepesi huangushwa na upepo wa kusi mpaka uchoke kuiinua.

*Vifaa.* Vinapatikana kila kwenye kitalu cha maua kando ya barabara, tatizo ni tundu. Vingi vina moja dogo chini, vingine hata hilo havina. Loweka chungu usiku kucha, kesho yake toboa matundu mengine chini na ubavuni kwa drili ya ukutani, polepole, bila ile hali ya kugonga. Ukiwa karibu na mfinyanzi ni rahisi zaidi: mwombe atoboe kabla hajachoma.

*Kuhamisha.* Mizizi hugandamana na udongo na haibanduki. Usivute. Vunja chungu, kisha uhamishe mmea pamoja na vigae vilivyoshikwa.

*Kinamfaa* mtu wa pwani mwenye mkono wa kumwagilia, na mwenye baraza inayopigwa na upepo.

2. Plastiki inayopitisha mwanga

*Kasi ya kukauka.* Ya polepole kuliko zote. Maji hutoka kwa juu na kwa matundu tu. Kwenye hewa kavu au kwa mtu anayesahau, huo ndio uzuri wake. Kwenye masika ya pwani, mvua inaponyesha siku nzima na plastiki iko nje bila paa, haiwahi kukauka.

*Kumwagilia.* Hapa plastiki inawapita wenzake wote: unaona. Nyanyua chungu uangalie mizizi iliyoshikana na ukuta. Ikiwa ya kijani, ina maji, iache. Ikiwa ya kijivu inayong'aa kama fedha na hakuna matone ya mvuke ukutani, mwagilia. Ya kahawia inayobonyea ukiiminya imeoza. Anayeanza akijifunza rangi hizi tatu hatahitaji kuhesabu siku. Ukungu wa kijani unaoota ukutani kwa ndani unachukiza macho, lakini hauidhuru okidi.

Hatari kubwa iko kwenye kile chungu cha kauri cha urembo kinachovishwa nje. Hakina tundu. Maji yanayochuruzika yanabaki chini, mizizi inazama, na kwa kuwa juu panaonekana pakavu, mtu anaongeza maji. Toa plastiki, mwagilia kwenye karo, subiri ichuruzike, ndipo urudishe.

*Okidi zinazokubali.* Phalaenopsis kabla ya nyingine zote. Mizizi yake ina ukijani wake na inatumia mwanga unaopenya. Cymbidium nayo inaelewana na plastiki, hata isiyopitisha mwanga, mradi iwe na kina. Vanda usiitie humo. Ansellia kubwa itakipasua.

*Vifaa.* Si lazima ununue. Chupa ya maji ya lita 6 iliyokatwa nusu inatosha Phalaenopsis ya kawaida. Pasha msumari moto, toboa matundu mengi chini na mstari mmoja wa matundu ubavuni, upana wa vidole viwili kutoka chini. Fanyia nje, moshi wake si mzuri. Jua litaikausha chupa ikawa inavunjika baada ya muda; utakata nyingine.

*Kuhamisha.* Rahisi kuliko yote: minya ubavu, mmea unatoka mzima. Isipotoka, mkasi.

*Inamfaa* mwenye okidi ya zawadi, mkazi wa flati, mtu wa bara, anayesafiri, na yeyote anayejifunza.

3. Kikapu cha mbao au kifuu

*Kasi ya kukauka.* Hewa inaingia pande zote, kwa hiyo ni haraka kuliko chungu. Unaweza kuipunguza kasi kwa kutia vipande vya makumbi ndani, au kuiachia kwa kutotia chochote.

*Kumwagilia.* Vanda yenye mizizi mitupu inataka maji kila siku, na siku za jua kali asubuhi na alasiri. Kunyunyiza kidogo hakutoshi; mwaga mpaka mizizi yote iliyoning'inia igeuke kijani. Njia nyingine ni kuichovya kwenye ndoo dakika kumi. Hii ni kazi ya kila siku isiyo na sikukuu, na kabla hujavutiwa na Vanda ya zambarau jiulize nani ataichovya ukienda msibani mkoani.

*Okidi zinazokubali.* Vanda na jamaa zake, Dendrobium, na Ansellia changa. Phalaenopsis inaweza kukaa kikapuni pwani, tena ikiinamishwa kidogo inanufaika, kwa sababu maji ya mvua hayatuami katikati ya majani. Uozo wa pale katikati ndio unaoua Phalaenopsis nyingi za nje wakati wa masika.

*Vifaa.* Mabaki ya msaji au mvule kwa fundi seremala, vijiti vinne vinne vikipangwa kupishana na kupigwa waya kwenye pembe. Epuka mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Nyingi zina shaba, na okidi haziipendi. Pwani kuna kifuu cha nazi kilichotobolewa matundu, kinatosha okidi ndogo na hakigharimu kitu. Kitaoza baada ya miaka michache.

*Kuhamisha.* Huhamishi. Kikapu kikichakaa, unakiweka kizima ndani ya kikubwa zaidi.

*Kinamfaa* mtu wa pwani mwenye baraza, ndoano darini, na aliye nyumbani kila siku.

4. Gogo au mti ulio hai

*Kasi ya kukauka.* Hakuna kinachokauka haraka kuliko hiki. Dakika ishirini za jua na mzizi umerudi mweupe. Lakini ndiyo maisha ambayo mmea umeumbiwa, na ukishashika hauoni shida.

*Kumwagilia.* Hesabu mbili tofauti. Gogo dogo lililotundikwa ukutani ni kazi ya kila siku, sawa na kikapu kitupu. Mti wa uani ni kazi ya miezi ya mwanzo tu. Baada ya hapo, kwa pwani na kwa miinuko yenye mvua, mti na umande vinaisaidia okidi, na wewe unaongeza maji wakati wa kiangazi. Dodoma, gogo litakushinda.

Mwembe una gome zuri la kushikwa, mnazi pia, na kwa Nairobi mjakaranda. Mpera na mkaratusi hubambuka magome, kwa hiyo okidi itashika leo na kuanguka na gome lake baadaye. Funga upande wa mashariki unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa vipande vya soksi za nailoni, vinavyonyumbuka bila kukata mzizi. Usitumie waya wa shaba. Wakati wa kufunga ni masika inapoanza, mizizi mipya inapotokeza ncha za kijani. Ukifunga Januari kwa sababu umepata nafasi, mvua itaikuta imekwisha kukauka. Okidi isiyotikisika ukiisukuma kwa kidole imekwisha kushika, na soksi unaweza kuikata.

*Okidi zinazokubali.* Dendrobium, Vanda kwenye joto, na okidi zetu wenyewe. Ansellia africana, ile ya manjano yenye madoa ya kahawia, huota kwenye miti ya pwani na ya bara, na ina mizizi ya ziada inayosimama wima kuelekea juu ili kunasa majani makavu yawe mbolea yake. Kwenye chungu mizizi hiyo haina kazi. Mtini unaona maana yake. Ila ipate kwa mkuzaji. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, na fungu linalouzwa barabarani likiwa na vipande vya gome pembeni limebanduliwa msituni. Mara nyingi halifiki mwaka wa pili.

*Vifaa.* Karibu bure. Gharama ni konokono, wanaopanda usiku kula ncha za mizizi.

*Kuhamisha.* Gogo unaondoka nalo. Mti unabaki na mwenye nyumba.

*Inamfaa* mwenye uwanja wake, na mtu asiyependa mambo ya vyungu na kubadilisha.

Ndani utie nini

Uamuzi wa chombo haujakamilika bila cha kujazia, maana ndicho kinachoongeza au kupunguza kasi ya kukauka.

Mkaa unapatikana kila mtaa, hauozi na hautuamishi maji. Chekecha vumbi lote, vunja vipande vya ukubwa wa kidole gumba, loweka siku nzima. Usichukue uliobaki kwenye jiko la nyama choma. Una mafuta na chumvi. Udhaifu wake ni kwamba unakusanya chumvi za maji na za mbolea, kwa hiyo usuuze mara kwa mara.

Makumbi ya nazi yanatunza maji vizuri na ni mali ya pwani. Tahadhari ni moja: makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kupata usumba wa kamba yamekunywa maji ya bahari. Chukua makavu ya shambani, katakata, loweka siku kadhaa ukibadilisha maji mpaka yasiwe na rangi ya chai.

Magome ya misonobari ni rahisi kwa watu wa miinuko, kuanzia Mufindi hadi vilima vya Kenya ya kati. Yanakaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kisha yanalainika, yanaziba hewa, na lazima yabadilishwe. Wa Naivasha na Nakuru wanayo mawe mepesi ya volkano, yale yale yanayotumika kwenye mashamba ya waridi, hayaozi kabisa. Sfagnamu, ule mmea mkavu laini kama sifongo uliokuja na okidi ya dukani, unafaa kwenye banda la kitalu la mzalishaji anayepima maji. Kwenye mikono ya wengi wetu, hasa ukiwa umeshindiliwa katikati ya mizizi, ndio unaoozesha. Utoe wote siku ya kuhamisha.

Siku hiyo yenyewe iwe baada ya maua kuisha. Kata mizizi iliyokufa kwa wembe uliopitishwa kwenye moto, paka unga wa mdalasini kwenye kidonda tu, kwa sababu unakausha na ukimwagwa kwenye mizizi mizima utaiunguza, halafu usimwagilie siku mbili tatu. Mbolea, kwa vyombo vyote vinne, iwe NPK ya kuyeyusha kwenye maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kwa hali yako

Umepewa Phalaenopsis na unakaa flati, popote pale: plastiki yenye mwanga. Pwani changanya mkaa na magome au makumbi. Bara tia magome zaidi. Weka dirisha la mashariki.

Uko Dar au Mombasa, una baraza na Dendrobium ya shangazi: chungu cha udongo chenye mkaa, kidogo kuliko unavyodhani.

Uko Dodoma: plastiki, makumbi mengi kuliko mkaa, mbali na dirisha la upepo. Vanda ipendee kwa mwenzako.

Uko Nairobi, Arusha au Lushoto na unataka mashada makubwa: Cymbidium kwenye plastiki yenye kina, nje kwenye kivuli chepesi. Phalaenopsis ilale ndani.

Una uwanja wako na mwembe: funga okidi mbili tatu masika yajayo. Umepanga nyumba: tumia gogo, au kikapu.

Unasafiri kila mwezi: plastiki, tena usiwe na zaidi ya chache.

Hujui okidi yako ni aina gani: angalia shina. Kama ina mashina yaliyonenepa, anza na chungu; kama ni majani yanayopandana bila shina nene, anza na plastiki. Likija ua, mpelekee picha mwenye kitalu akutajie jina, na kama chombo hakikufaa utabadilisha likishadondoka.